Mchimbaji Hulipwa kwa Nini? Michezo Minne ya Mtandaoni Ikilinganishwa kwa Wachezaji wa Mwanza

Vijana wengi wa Mwanza wanaoingia kwenye michezo ya mtandaoni yenye uchumi wake huanzia kwenye uchimbaji, na sababu inaeleweka: uchimbaji hauhitaji mtaji mkubwa, hauhitaji ustadi wa kupigana, na unaweza kufanywa huku mtu akisubiri abiria au mteja. Swali linalofuata, ambalo huulizwa kwenye vibanda vya gemu kuanzia Igoma hadi Kirumba, ni mchezo upi unaomlipa mchimbaji vizuri zaidi. Likiulizwa hivyo halina jibu, kwa kuwa malipo ya mchimbaji hutokana na maamuzi mawili tofauti, na kila mchezo umeyaweka maamuzi hayo mikononi mwa mtu mwingine.

Uamuzi wa kwanza ni wa kiasi: mwamba ukipigwa, utoe mbale (mawe yenye madini) ngapi, na nani anapanga idadi hiyo. Uamuzi wa pili ni wa thamani: mbale zikishatoka, zitanunuliwa kwa bei gani na nani. Mtu aliyewahi kufika kwenye machimbo madogo ya upande wa Geita analijua jambo hili bila kufundishwa, maana kule mifuko ya mawe hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara (shimo la kuchimbia) na wachimbaji kabla jiwe halijapita kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, na kila mmoja huondoka na mzigo asioujua una gramu ngapi. Gramu hujulikana baada ya kuchenjua, yaani kutenganisha madini na mawe, na bei hujulikana sokoni, ambako hufuata soko la dunia bila kujali jasho la yeyote.

Nimechukua michezo minne, yaani Old School RuneScape, Albion Online, EVE Online na Entropia Universe. Ipo mingine yenye wachezaji wengi kuliko hii, lakini hii minne inafaa kulinganishwa kwa sababu kila mmoja umeegemeza malipo ya mchimbaji mahali pake: wa kwanza kwenye muda, wa pili kwenye hatari, wa tatu kwenye hesabu za soko, na wa nne kwenye pesa ambazo mchezaji mwenyewe ameziweka mezani.

Old School RuneScape: muda na subira

Mchezo huu ulifunguliwa mwaka 2013 na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, na tangu Oktoba 2018 unachezwa pia kwenye simu kwa akaunti ileile inayotumika kwenye kompyuta. Kanuni zake za uchimbaji ni wazi kuliko za mingine yote, kiasi kwamba mtu anaweza kuzipigia hesabu kwenye karatasi kabla hajaanza.

Seva, yaani kompyuta ya kampuni inayoendesha mchezo, hupima muda kwa mapigo ya sekunde 0.6. Mwenye sululu ya bronzi, ambayo ndiyo duni kabisa, hujaribu kupata mbale kila baada ya mapigo 8, yaani sekunde 4.8, wakati mwenye sululu ya rune, metali ya kubuni ya mchezo huu, hujaribu kila baada ya mapigo 3, yaani sekunde 1.8. Kila jaribio lina uwezekano wa kufaulu, na uwezekano huo hupanda kadiri kiwango cha uchimbaji cha mhusika kinavyopanda kutoka 1 hadi 99. Kwa hiyo sululu huamua utajaribu mara ngapi, na kiwango chako huamua kila jaribio lina nafasi gani. Anayenunua sululu ghali akidhani imeongeza bahati ya pigo moja amechanganya mambo mawili.

Kizuizi cha tatu ni mwamba wenyewe, na hapa ndipo wengi hukwama bila kujua wamekwamia wapi. Mwamba ukishatoa mbale moja huwa mtupu, kisha hujaa tena baada ya muda wake. Chuma, ambacho huchimbwa kuanzia kiwango cha 15, hurudi baada ya sekunde 5.4. Mithril ya kiwango cha 55 hurudi baada ya dakika 2, adamantite ya kiwango cha 70 baada ya dakika 4, na runite ya kiwango cha 85 baada ya dakika 12. Ukiacha glavu maalumu zinazoweza kuuzuia mwamba usiishe, mwamba mmoja wa runite kwenye seva moja kwa kawaida hautoi zaidi ya mbale 5 kwa saa, hata mchimbaji awe nani. Ndiyo maana wachimbaji wa runite hushinda wakihama seva hadi seva: kilichoadimika kwao ni jiwe, na kasi ya sululu haiwasaidii tena.

Thamani huamuliwa kwenye soko la pamoja liitwalo Grand Exchange, lililoanzishwa katika RuneScape ya awali mwaka 2007. Wanunuzi na wauzaji hawakutani. Mfumo huoanisha maombi yao, huweka kikomo cha kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kununua kwa kila saa 4, na tangu mwaka 2025 humkata muuzaji asilimia 2, isipokuwa kwa bidhaa za chini ya sarafu 50. Bei ya mbale ya kawaida hushuka pale wanaotumia programu zinazochimba zenyewe bila mtu wanapoongezeka, na hupanda pale Jagex inapowafungia akaunti kwa wingi. Mchezaji wa kawaida hana la kufanya juu ya hilo.

Yapo malipo mengine yasiyouzika, nayo ni alama za uzoefu: mbale ya chuma hutoa 35 na ya runite hutoa 125. Kufika kiwango cha 99 kunahitaji alama 13,034,431, na nusu ya alama hizo hukamilika ukiwa kiwango cha 92, jambo ambalo huwavunja moyo watu kila wanapoligundua. Kwa maoni yangu alama hizi ndizo malipo halisi ya mchimbaji wa mchezo huu, kwa kuwa mbale zinaweza kushuka bei usiku mmoja, lakini kiwango ulichokifikia hakishuki.

Kwa mtu wa Mwanza, mchezo huu una sifa moja isiyoandikwa kwenye matangazo: unavumilia mtandao mbaya. Bando likiisha katikati ya uchimbaji, au umeme ukikatika, ukiwa kwenye machimbo ya kawaida nje ya Wilderness, eneo ambalo wachezaji huweza kushambuliana, hupotezi chochote zaidi ya muda. Kwa hali zetu, hilo lina uzito kuliko bei ya runite.

Albion Online: hatari inayouzwa kama bidhaa

Albion ulitolewa mwaka 2017 na kampuni ya Sandbox Interactive ya Berlin, ukaingia kwenye simu Juni 2021, na kwa sababu hiyo ndio unaoonekana zaidi mikononi mwa vijana wenye simu janja za kawaida. Rasilimali zake ni mbale, mawe, mbao, nyuzi na ngozi. Kila moja ina madaraja yanayofika la 8, na kuanzia daraja la 4 inaweza kuwa na ngazi za uchawi zinazopandisha thamani yake. Mwamba una chaji kadhaa, ambazo hupungua kila unapochimba na kurudi taratibu. Kiasi unachopata hutegemea kifaa, umahiri wako ulioandikwa kwenye Destiny Board (ubao wa maendeleo ya mhusika), na hali ya akaunti, kwa kuwa mwenye Premium, yaani akaunti ya kulipiwa, huongezewa asilimia 50 ya mavuno.

Hadi hapo ni hesabu ya kawaida. Kinachogeuza kila kitu ni mahali mwamba ulipo. Ramani imegawanywa kwa rangi: kwenye kanda za buluu na njano mchimbaji hawezi kuporwa vifaa vyake, wakati kwenye kanda nyekundu na nyeusi anayeuawa hupoteza alichovaa na alichobeba, kuanzia sululu hadi mnyama aliyempanda. Rasilimali bora zimewekwa huko kwa makusudi. Bei ya mbale ya daraja la 8 ina ndani yake vifo vya wote waliojaribu kuitoa wakashindwa, na mnunuzi aliyekaa mjini humlipa mchimbaji kwa sababu yeye mwenyewe hataki kwenda.

Kwa hiyo swali la mchimbaji wa Albion ni kama anarudi salama mara nyingi kiasi cha kutosha. Tuseme safari moja ya ukanda mweusi inakuletea mzigo wa silver (fedha ya mchezo huu) 400,000, na vifaa ulivyovaa vina thamani ya 300,000. Ukirudi salama mara tatu kati ya nne, umepata 1,200,000 na kupoteza 300,000, hivyo wastani wa kila safari ni 225,000. Ukirudi salama mara moja kati ya mbili, wastani huo unaporomoka hadi 50,000. Ikiwa ukanda wa njano ungekupa 200,000 kwa muda uleule bila kuogopa kuporwa, basi katika hali ya kwanza umefaidi kidogo sana kwa kuhangaika, na katika hali ya pili umefanya kazi ya hasara ukijiita jasiri. Wachezaji wengi husimulia safari waliyorudi na mzigo mkubwa na kuzisahau zile nne walizorudi uchi. Ni vyema kuandika.

Vifaa vya bei nafuu hubadilisha hesabu hiyo kuliko kitu kingine chochote. Ukivaa vya 60,000 badala ya 300,000, hata kurudi salama mara moja kati ya mbili kunakupa wastani wa 170,000, japokuwa mavuno nayo yatapungua kiasi kwa kuwa vifaa duni huchimba polepole.

Sokoni nako kuna makato ambayo mgeni huyapuuza. Asiye na Premium hukatwa kodi ya asilimia 8 kwa kila anachouza, na mwenye Premium hukatwa asilimia 4. Anayeweka bidhaa yake kwa bei anayoitaka na kusubiri mnunuzi hulipa pia asilimia 2.5 ya kuiweka, wakati anayekubali bei ya mnunuzi aliyekwisha kutangaza haitozwi hiyo. Mzigo wa silver 100,000 uliowekwa sokoni na mtu asiye na Premium humrudishia 89,500, na mwenye Premium 93,500.

Kuna pia uchenjuaji, ambao katika mchezo huu ni kazi inayojitegemea na, kwa baadhi ya watu, yenye faida kuliko kuchimba. Kila mji wa kifalme una rasilimali yake inayopewa upendeleo. Kwa mbale mji huo ni Thetford. Mchenjuaji hurudishiwa sehemu ya malighafi aliyotumia: katika mji wa kifalme usio na upendeleo hurudishiwa asilimia 15.2 kwa wastani, Thetford asilimia 36.7, na akitumia nguvu ya ziada iitwayo focus, ambayo hutolewa kwa wenye Premium tu kwa kiasi cha 10,000 kwa siku, hufikia asilimia 53.9. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba mtu anayechenjua nje ya Thetford bila sababu maalumu anashindana na watu waliokwisha kumzidi kabla hajawasha tanuru. Lakini Thetford iko kwenye majimaji, na mbale hutafutwa kwenye maeneo mengine ya ramani, hivyo lazima mzigo usafirishwe.

Upungufu wa Albion kwa mtu wa kandokando ya ziwa ni mtandao. Mawasiliano yakikatika, mhusika wako hubaki uwanjani kwa muda huku wewe ukiitazama simu iliyoganda. Abiria anayechimba ukanda mweusi akiwa kwenye kivuko cha Kamanga, mahali ambapo mtandao unaweza kuyumba katikati ya maji, anawafugia wengine kuku. Kuhusu seva, tangu Aprili 2024 ipo ya Ulaya iliyoko Amsterdam, pamoja na ya Marekani na ya Asia. Kwa umbali, ya Amsterdam ndiyo inayotufaa, na ichaguliwe mapema, kwa kuwa mhusika aliyefunguliwa kwenye seva moja hahami kwenda nyingine na kila seva ina soko lake.

EVE Online: hesabu kabla ya leza

EVE Online ya kampuni ya CCP ya Reykjavík, Iceland, ipo hewani tangu Mei 2003. Mwaka 2007 CCP ilimwajiri mchumi, Dkt. Eyjólfur Guðmundsson, kuufuatilia uchumi wa mchezo, na kampuni bado huchapisha ripoti za kila mwezi zinazoonyesha thamani ya kilichochimbwa katika kila eneo la anga. Mchezaji anayetaka kujua malipo yake yanatoka wapi hana haja ya kukisia; anasoma.

Leza ya kuchimba hufanya kazi kwa mizunguko, na kila mzunguko hutoa mita za ujazo ambazo kwa sehemu kubwa zinajulikana kabla, kutokana na aina ya leza, meli, na ujuzi wa rubani, ambao hukua kwa muda halisi hata mchezaji akiwa amelala. Bahati ina nafasi ndogo. Kosa la wanaoanza ni kutazama bei ya kipande kimoja cha mbale. Kipande cha Veldspar, jiwe la kawaida kabisa, kina mita za ujazo 0.1, na cha Arkonor, jiwe linalosifiwa, kina 16. Meli ya Venture, ambayo hata mwenye akaunti ya bure anaweza kuiendesha, hubeba mita za ujazo 5,000 za mbale: vipande 50,000 vya Veldspar, au vipande 312 tu vya Arkonor. Kwa kuwa leza hutoa ujazo na wala haihesabu vipande, bei inayostahili kulinganishwa ni ya mita moja ya ujazo, na mara kadhaa jiwe linalodharauliwa hukaribia jiwe linalosifiwa ukishaondoa hatari ya kulifuata.

Baada ya kuchimba kuna chaguo la kuuza mbale ghafi au kuzichenjua ziwe madini kama Tritanium na Pyerite. Katika vituo vya kawaida, mtu asiye na ujuzi wa uchenjuaji huanzia kwenye asilimia 50 ya kilichomo, na kituo kinaweza kumkata kodi pia. Kwake, kuuza mbale ghafi kwa aliyesomea uchenjuaji ni busara. Tangu Desemba 2021 lipo pia suala la upotevu, ambapo baadhi ya vifaa huharibu sehemu ya mwamba bila kuiingiza melini. Mchimbaji wa peke yake halimgusi sana, lakini kwenye kundi linalogawana miamba michache linaweza kuleta ugomvi.

Bei hupangwa na wachezaji wenyewe, na soko kubwa liko Jita, mojawapo ya mifumo ya nyota ya mchezo. Kinachoyashikilia madini yawe na thamani ni uharibifu: karibu kila meli hujengwa kwa madini yaliyochimbwa na wachezaji, na meli ikilipuka haifufuki. Katika vita vya B-R5RB vya Januari 2014 zaidi ya meli 70 za aina ya Titan, ambazo ndizo kubwa kuliko zote, ziliteketea kwa siku moja, na kila moja ilikuwa imemeza kazi ya wachimbaji wengi mno. Mchimbaji wa EVE ana sababu ya kusoma habari za vita kwa makini kuliko askari.

Maeneo ya usalama wa juu yanalindwa na CONCORD, polisi wa mchezo, lakini ulinzi huo humwadhibu mshambuliaji baada ya tendo na haumzuii asilitende. Anayeacha leza ikiwaka na kwenda kununua maandazi anaweza kukuta meli yake imekuwa chuma chakavu. Mikanda ya miamba hujazwa upya baada ya seva kuzimwa kwa muda mfupi kila siku saa 11:00 UTC, ambayo kwetu ni saa nane mchana, na hiyo ni neema kwa mwenye nafasi alasiri. Mtandao ukikatika, meli ambayo haijanaswa na adui hujaribu kukimbia yenyewe.

Mchezo huu unahitaji kompyuta. Ule wa simu uitwao EVE Echoes, uliotoka mwaka 2020 kwa ushirikiano na NetEase, ni mchezo mwingine wenye soko lake, na mali ya huku haivuki kwenda kule. Akaunti ya bure imekuwapo tangu Novemba 2016, ikiwa na mipaka ya ujuzi, na inatosha kabisa kwa kujifunza.

Entropia Universe: dau

Huu ndio unaowavutia wanaotafuta kipato, na ndio ninaotaka usomwe kwa tahadhari. Ulianzishwa mwaka 2003 na kampuni ya MindArk ya Gothenburg, Uswidi, na fedha yake, PED, imefungwa kwa dola ya Marekani kwa uwiano wa PED 10 kwa dola 1. Fedha hiyo inaweza kutolewa ikawa pesa halisi. Kwenye ile mingine mitatu, kuuza fedha za mchezo kwa pesa halisi nje ya utaratibu wa kampuni kumekatazwa, na anayekamatwa hufungiwa akaunti. Wanaotangaza biashara hiyo kwenye magrupu ya WhatsApp hawasemi hivyo.

Katika Entropia mchimbaji hasogelei mwamba unaoonekana. Anatembea na kifaa cha kutafutia, anaangusha probu, yaani kichunguzi kidogo, ardhini, na mfumo unamjibu kama kuna kitu au hakuna. Probu hulipiwa, kifaa cha kutafutia huchakaa na uchakavu wake hulipiwa, na kifaa cha kuchimbulia nacho hivyo hivyo. Akitaka mavuno makubwa hufunga kikuzaji, ambacho hukuza gharama ya kila probu pamoja na mavuno yanayotarajiwa. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna kitu. Mara chache anapata kidogo. Na kwa nadra sana anapata kikubwa ambacho hutangazwa kwa wachezaji wote, tangazo ambalo kila anayelisoma hujiona yuko karibu. Kanuni inayogawa mavuno hayo iko kwenye seva na MindArk haijaichapisha.

Thamani ya kila kilichopatikana ina sehemu mbili: bei ya msingi ambayo mashine ya kampuni italipa daima, na nyongeza ambayo wachezaji wengine wako tayari kulipa juu yake. Tuseme umetumia PED 100 kwa probu na uchakavu, na kilichotoka kina bei ya msingi ya PED 90. Wanunuzi wakilipa asilimia 105 ya bei hiyo, unapata 94.5, na umepoteza PED 5.5, yaani senti 55 za dola, kabla ya ada ya mnada. Ili urudishe gharama tu, wanunuzi wanapaswa kulipa asilimia 111 na kidogo. Mchimbaji anayefaidika, na wapo, huwa amesoma nyongeza za bei kwa kila aina ya madini, anajua yanakopatikana, na ana mtaji wa kuvumilia vipindi virefu vya kukosa. Mchezo hauna ada ya mwezi, na kampuni huishi kwa matumizi na uchakavu unaolipiwa na wachezaji. Kwa pamoja, basi, wachezaji hawawezi kutoa zaidi ya walichoingiza.

Waliopata pesa zinazotajwa duniani walizipata kwa kumiliki ardhi. Jon Jacobs alinunua sayari-kimondo ndani ya mchezo huu mwaka 2005 kwa dola 100,000, akaifanya kituo cha starehe kilichotoza kodi ya uwindaji na uchimbaji uliofanywa hapo, kisha mwaka 2010 akaiuza vipande vipande kwa jumla ya dola 635,000. Habari hiyo husambazwa kama ushahidi kuwa uchimbaji wa mtandaoni unalipa. Mimi naisoma kinyume: aliyelipwa ni mpokea mrabaha, na waliolipa ni wachimbaji.

Michezo ya sarafu za kidijitali, kama Alien Worlds ambamo huchimbwa sarafu iitwayo Trilium, nimeiacha nje ya ulinganisho. Humo malipo hugawanywa kutoka kwenye fungu kwa kufuata kifaa ulicho nacho na kamisheni ya mwenye ardhi, na thamani ya mgawo hutegemea soko la sarafu. Ni suala la uwekezaji kuliko la mchezo.

Uchague upi

Mwenye simu tu, bando la kuungaunga na muda wa vipande vipande, aanze na Old School RuneScape. Atajifunza uhusiano wa kasi, uwezekano na soko bila kulipa ada, na hakuna atakayemvizia kwenye machimbo ya kawaida. Akichoka, na ni halali kuchoka kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kurudiarudia, atakuwa tayari ana macho ya kuuangalia mchezo mwingine.

Albion nampendekezea mwenye simu nzuri, mtandao wa uhakika na, zaidi ya yote, wenzake watatu au wanne wanaocheza saa zilezile. Mmoja anachunga, wengine wanachimba, na uwezekano wa kurudi salama hupanda kuliko ambavyo kifaa chochote kingeupandisha. Kwa anayecheza peke yake, hesabu ile ya wastani wa safari inamfaa zaidi kubaki kanda za chini au kuhamia kwenye uchenjuaji, na hapo Premium huanza kuwa na maana, kwa sababu inagusa mavuno, kodi na focus kwa mpigo.

EVE ni ya mwenye kompyuta nyumbani, anayependa kusoma majedwali, na asiye na haraka. Wanaocheza kwenye kompyuta za kulipia kwa saa wanaweza kuiona ghali, kwa kuwa sehemu kubwa ya muda wa mchimbaji ni kungoja mzunguko wa leza umalizike huku saa ya mwenye duka ikihesabu. Mwanafunzi wa uchumi au biashara pale Nyegezi atapata humo mafunzo ya ugavi na mahitaji yasiyopatikana kirahisi penginepo.

Entropia simpendekezei anayetegemea pesa hiyo kwa nauli ya kesho. Anayeipenda kwa mandhari yake aingie, apange kiasi cha mwezi ambacho angekitumia kwa burudani nyingine yoyote, achimbe bila kikuzaji, na aandike kila probu na kila kilichotoka pamoja na nyongeza ya bei aliyouzia. Baada ya probu mia kadhaa, daftari hilo litamwonyesha malipo yake halisi kwa kila PED 100 aliyoitoa, na ataamua kwa tarakimu zake mwenyewe kama aongeze au afunge.